Adabu za Msafiri: Taka Hizi ni za Nani?

Katika darasa zilizopita tulisoma haki za mgeni juu ya mwenyeji: kupokewa kwa uso mkunjufu, kulishwa, na kupewa mahali pa kulala. Leo twageuza ukurasa tusome haki za mwenyeji juu ya mgeni. Mas-ala tutakayoyashika hayakutajwa kwa jina katika vitabu tulivyosomeshwa, kwa kuwa kitu chenyewe hakikuwapo zama zile. Nayo ni taka za plastiki ambazo wasafiri na watalii huziacha katika nchi za watu.

Huenda msomaji akasema: "Haya ni mambo ya serikali, yana nini na darasa ya dini?" Twamwomba asubiri mpaka mwisho wa somo, kisha ahukumu.

YALIYOTUPATA NJIANI

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 baadhi yetu tulifunga safari kutoka pwani kwenda Bungoma kuwazuru ndugu zetu wa huko, na tukaazimia kutoka hapo twende Kitale kuutazama Mlima Elgon. Tulikuwa watu 40 katika basi moja, wazee kwa vijana. Kutoka Mombasa hata Bungoma ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800, wala mtu hasafiri bila ya maji. Basi tukanunua maji ya chupa, katoni juu ya katoni, na sahani na vijiko vya plastiki vya kutumia mara moja, tukaona tumejitayarisha vyema.

Siku ya pili, baina ya Bungoma na Kitale, adhuhuri ilitukuta karibu na mto mmoja uteremkao kutoka mlimani. Tukasimama, tukatawadha, tukatandika mikeka juu ya nyasi, tukasali jamaa, kisha tukala chakula chetu. Tulipokwisha tukapanda gari. Hata halijaondoka, tukamwona bibi mmoja mzee, mwenyeji wa pale, anatujia kwa haraka, kikapu kichwani, huku akipunga mkono. Dereva akazima gari. Bibi akakitua kikapu mlangoni. Ndani yake mlikuwa na chupa zetu tupu, amezikusanya moja moja, na zile sahani amezikung'uta makombo na kuzipanga. Akasema: "Wageni wangu, mmesahau vyombo vyenu."

Kijana wetu mmoja akacheka, akamwambia: "Bibi, hivyo si vyombo, ni taka. Tupa tu."

Bibi akamtazama, akauliza: "Taka za nani?"

Hapakuwa na aliyejibu. Hata leo hatujui kama bibi yule alisema kwa unyofu wa moyo au alikusudia kutufunza. Na yote mawili ni aibu kwetu. Mzee mmoja katika sisi akateremka, akavitia vile vitu katika gunia, akamrudishia bibi kikapu chake, akamwambia: "Tuwie radhi, mama." Tukaondoka, na mwendo wa saa nzima basi lilikuwa kimya.

Nasi tuliokuwa tumesimama mbele kuwasalisha watu, tulijiuliza: Tumeuhifadhi wudhu wetu, tumeielekea kibla, tumezipanga safu, kisha tumepaacha mahali pa sijda pamejaa uchafu. Je, tulikuwa tumefundisha nini?

MTALII NI NANI?

Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba mtalii ni Mzungu aliyevaa kofia ya ukindu na kubeba kamera. Tumekaa naye Mombasa, Malindi, Watamu na Lamu kwa miaka mingi, na mara nyingi tumelalamika: ameacha chupa ufuoni, ametupa mfuko baharini, hana adabu na nchi za watu. Malalamiko hayo yana haki. Lakini mtalii ni kila mtu aliyetoka kwao akaenda kutazama kwa wenziwe, awe mweupe au mweusi, awe ametoka Ulaya kwa ndege au ametoka Majengo kwa basi. Siku tuliposimama kando ya mto ule, watalii tulikuwa sisi, na bibi yule alikuwa katika hali tuliyo nayo sisi kila msimu wa wageni.

Wahenga wamesema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na tujipime kwa mizani hiyo. Je, mwenyeji hupona tumjiapo, au tunamwachia maradhi?

Wala si jambo geni kwa watu wa pwani kufika pande zile. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya Waswahili ilikuwa ikipita Mumias, mji ulio karibu na Bungoma, ikielekea Uganda, na kwa njia hiyo Uislamu ukaingia katika nchi ya Nabongo Mumia. Vyombo vya wasafiri wa zama zile vilikuwa kanda la ukindu, kibuyu, mtungi na ngozi. Kikivunjika au kuchakaa kikaachwa njiani, ardhi ilikipokea na kukila. Leo Waislamu wapo Mumias na wapo Bungoma, lakini katika ardhi hutapata kikapu kimoja cha wasafiri wale. Je, na sisi tukipita, nini kitakachobaki baada yetu?

PLASTIKI NI KITU GANI?

Plastiki nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya ardhini na gesi. Ni kitu chepesi, rahisi, kisichopenya maji, na kina manufaa mengi hospitalini na majumbani. Hatusemi kwamba chenyewe ni haramu. Ila yake ni kwamba hakiozi kama lioozavyo jani au karatasi. Jua hukikausha na mawimbi hukivunja, kikawa vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, hata macho yasivione, lakini hakijaondoka. Vipande hivyo vimekutwa ndani ya samaki na ndani ya chumvi itokayo baharini. Ulimwengu sasa hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kila mwaka, na katika taka zake, zile zinazorudishwa kiwandani zikafanywa kitu kingine hazifiki sehemu moja katika kumi.

Madhara yake twayaona kwa macho. Mfuko huziba mfereji, mvua ikanyesha maji yakaingia majumbani. Chupa hushika maji ya mvua, mbu wakazaa. Mbuzi na ng'ombe humeza mifuko wakitafuta malisho, na machinjioni Nairobi imepata kukutwa matumboni mwa ng'ombe. Kasa wa bahari yetu humeza mfuko akidhani ni kiwavi cha baharini, akafa. Na anayetaka kuondokana na plastiki kwa kuichoma, huitoa ardhini akaipandisha katika moshi wenye sumu, ukaingia vifuani mwa watoto wake.

MAJI YA BUNGOMA HUENDA WAPI?

Msomaji wa pwani aweza kusema: "Bungoma ni mbali, chupa moja huko itamdhuru nani?" Basi na afuatane nasi katika njia ya maji.

Mlima Elgon ni mmojawapo wa milima na misitu mitano mikuu inayoinywesha nchi ya Kenya. Mito mingi ya upande wake wa mashariki na kusini hupita katika mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma na kuingia katika mto Nzoia. Huo Nzoia huanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, ukapita nchi ya Wanga kwenye Mumias, ukateremka hata Budalangi, nchi ambayo wenyewe wamehamishwa na mafuriko mara nyingi, kisha ukaingia katika Ziwa Viktoria. Na ziwa hilo hutoa maji yake Jinja, ukaanza mto wa Nile kuelekea Sudan na Misri. Basi chupa iliyotupwa na msafiri kando ya mto wa mlimani, mvua ikiichukua, itapita mbele ya mama anayeteka maji, mbele ya mvuvi, na mbele ya mkulima asiyemjua msafiri yule wala hatamwona. Aliyekunywa ni mmoja. Wanaoudhika ni umma.

Na katika mlima wenyewe wako viumbe wengine. Karibu na Kitale iko Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyowekwa mwaka 1968. Humo mna pango liitwalo Kitum, ambamo ndovu huingia usiku katika giza totoro, wakachimba ukuta kwa pembe zao kutafuta chumvi. Mnyama aliyejaaliwa kuifuata chumvi hata ndani ya mwamba, itakuwaje akikutana na mfuko wenye harufu ya chumvi ya viazi vya kukaanga? Ndovu hana akili ya kupambanua chakula na karatasi yake. Akili hiyo tumepewa sisi, nasi tutaulizwa.

HUKUMU YA JAMBO HILI

Tulisema plastiki haikutajwa kwa jina vitabuni. Lakini misingi ya hukumu yake ipo wazi, nasi tutaitaja mitatu.

Kwanza, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba imani ina sehemu nyingi, na iliyo chini kabisa ni kuondoa udhia katika njia ya watu. Ikiwa kuondoa udhia uliowekwa na mwingine ni katika imani, je, mwenye kuuweka kwa mkono wake mwenyewe yuko wapi?

Pili, ametukataza, tena kwa onyo kali, kujisaidia katika njia ya watu, na katika kivuli wanachopumzika, na penye maji wanayoyaendea. Wanazuoni wanapotazama sababu ya katazo hili huona kwamba ni kuwaudhi watu katika mahali wanapopahitajia. Sasa na tukisie. Njia, kivuli na maji: si ndipo hasa wasafiri husimama kupumzika? Na uchafu ule wa zamani jua huukausha na mvua huuosha, usionekane baada ya siku chache; huu wa plastiki humkuta mjukuu wa aliyeudhiwa. Mwenye kukisia kwa insafu hatakosa kuona kwamba wa pili haukupungua kwa udhia, bali umezidi.

Tatu, Mwenyezi Mungu ametukataza israfu katika kula na kunywa. Kununua chombo kipya kwa kila mdomo wa maji na kukitupa baada ya dakika kumi, hali ya kuwa twaweza kuwa na chombo kimoja cha kudumu, kama si israfu basi neno hili halina maana tena.

Na juu ya hayo iko sheria ya nchi, ambayo Mwislamu hana udhuru wa kuikiuka ikiwa imewekwa kwa maslaha ya watu wote. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Anayeitengeneza, kuiuza au kuitumia aweza kutozwa faini hata shilingi milioni 4 au kufungwa hata miaka 4. Na tangu tarehe 5 Juni 2020 haijuzu kisheria kuingia na plastiki za kutumia mara moja, yaani chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija, katika hifadhi za taifa, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Sheria hii humkusudia mtalii kwanza kabla ya mtu mwingine. Majirani nao wamekwisha kuifuata njia hii: Zanzibar iliipiga marufuku mifuko mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019.

Nasi tulipofika lango la hifadhi kule Kitale, askari wakatuambia tuziache chupa zetu nje, baadhi yetu walinung'unika. Laiti tungaliyajua haya kabla ya kutoka nyumbani, tusingalinung'unika, wala bibi yule asingalihitaji kutukimbilia.

NYUDHURU ZA WATU NA MAJAWABU YAKE

Husema mmoja: "Chupa huokotwa na masikini wakauza, kwa hivyo kutupa ni kuwasaidia." Jawabu: Baadhi ya chupa huuzwa, ni kweli. Lakini mfuko wa viazi, mrija na sahani nyembamba hazina mnunuzi, na chupa iliyotupwa mtoni haimngojei mwokotaji. Ukitaka kumsaidia masikini, mkabidhi chupa mkononi mwake, safi, na pamoja nayo sadaka. Usiufanye ufukara wa mwenzio kuwa pazia la uvivu wako.

Husema wa pili: "Twaogopa maji ya ugenini." Jawabu: Hofu hiyo ni ya akili, kwani maji machafu huua. Lakini dawa yake si chupa mia mbili. Maji huchemshwa na kupozwa nyumbani, yakatiwa katika madumu safi, yakachukuliwa garini.

Husema wa tatu: "Makosa ni ya wenye viwanda, wao ndio wanaotengeneza." Jawabu: Sehemu ya maneno haya ni haki. Ndiyo sababu mwezi wa Machi mwaka 2022 mataifa yaliyokutana Nairobi katika baraza la mazingira la Umoja wa Mataifa yalikubaliana kuanza kutunga mkataba wa kuzuia uchafu wa plastiki. Na katika mwaka huohuo Kenya ikatoa sheria ya taka inayomtwika mwenye kiwanda sehemu ya mzigo. Lakini Siku ya Hisabu mwenye kiwanda ataulizwa la kwake nasi tutaulizwa letu. Dhambi ya jirani haijawa stakabadhi ya kutusamehe yetu.

YATUPASAYO KUFANYA

Elimu isiyo na amali ni kama mti usio na matunda. Basi tumekubaliana katika darasa yetu mambo haya, nasi twawanasihi wasomaji wayashike.

La kwanza ni kuhesabu kabla ya safari. Watu 40, kila mmoja akinywa chupa mbili za nusu lita kwa siku, kwa siku tatu, huacha nyuma yao chupa 240. Maji hayohayo ni lita 120, yaani madumu sita ya lita ishirini. Madumu sita huingia chini ya viti vya basi, yakarudi nyumbani, yakatumika safari ya mwaka ujao. Kila msafiri na achukue kikombe au chupa yake ya chuma. Gharama yake ni ndogo kuliko katoni.

La pili ni chakula. Mikate, mahamri na viazi huchukuliwa katika makawa na vikapu kama walivyochukua mama zetu. Na ukifika Bungoma, nunua kwa wenyeji: ndizi zina ganda lao, mahindi ya kuchoma yana maganda yao, na chai mkahawani hunywewa katika kikombe kinachooshwa. Hapo utakuwa umemfaidisha mwenyeji kwa fedha yako badala ya kumwachia uchafu wako, na hiyo ndiyo maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone.

La tatu ni gunia la taka katika kila gari, na mtu aliyewekwa kulisimamia kama anavyowekwa mwenye kushika fedha za safari. Msiliache kwa mwenyeji, kwani miji mingi midogo haina njia ya kuondoa taka ila kuzirundika na kuzichoma. Mlicholeta kirudi nanyi.

La nne ni la wale wenye hoteli, nyumba za wageni, magari ya kukodi na mashua za kutembeza watalii, na wengi wao ni jamaa zetu. Enyi ndugu, nyinyi ndio mnaompa mgeni chupa mkononi. Wekeni mtungi au birika la maji safi kila ghorofa, wapeni wageni bilauri za kioo, na mwambieni mgeni adabu za nchi kabla hajapanda mashua. Mgeni mwema hatachukia; naye atakayechukia, khasara yake ni chache kuliko ufuo uliochafuka, kwani hakuna mtalii anayevuka bahari kuja kutazama jaa. Watamu wenye hoteli na wapenzi wa bahari wameungana kukusanya taka za ufuoni na kuzipatia kazi nyingine. Na Lamu fundi Ali Skanda na wenziwe wameunda jahazi zima kwa taka za plastiki, likapambwa kwa ndara zilizookotwa ufuoni, likashushwa majini mwaka 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hata Zanzibar. Mwaka 2021 jahazi hilo likatweka tanga katika Ziwa Viktoria, ziwa lilelile linalopokea maji ya Nzoia. Fundi wa pwani amekwisha kuziunganisha bahari na ziwa kwa kazi ya mikono yake. Sisi wa darasani tusishindwe kuziunganisha kwa adabu.

MASWALI YA KUDURUSU

1. Ni sababu gani iliyofanya kukatazwa kujisaidia njiani, kivulini na penye maji, na vipi sababu hiyo yapatikana katika taka za plastiki?

2. Eleza njia ya maji kutoka Mlima Elgon hata Ziwa Viktoria, na utaje watu wanaoudhika kwa chupa moja.

3. Kama wewe ndiye amiri wa safari ya watu 60 kwa siku mbili, utachukua madumu mangapi ya maji, na nani utamkabidhi gunia?

Ndugu zetu, bibi wa kando ya mto alituuliza swali la maneno matatu, nasi tulikuwa watu arobaini, wamo waliosoma na wamo wanaosomesha, na hatukuwa na jawabu. Jawabu tunalo sasa: Taka zile zilikuwa zetu. Safari ijayo tumeazimia, Inshaallah, kupita njia ileile na kusimama mahali palepale, tusali, tule, kisha tuondoke bibi asipate kitu cha kukiokota. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wageni ambao wenyeji huomba warudi, na atusamehe yaliyopita. Amin.